Kitabu Chini ya Mkeka

Kazimia ni kijiji cha wavuvi, kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Baraka, katika nchi ya Fizi. Mbele yake kuna maji, nyuma yake kuna milima. Jioni wanaume husukuma mitumbwi, na usiku taa zao huonekana mbali ziwani, zikiwavuta ndagala. Asubuhi wanawake huanika ndagala mchangani, na watoto hufukuza kuku na ndege.

Ng'ambo ya ziwa ni Tanzania. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walikimbilia huko, na wengi walikaa katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 wengi wao walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Kila aliyevuka alibeba alichoweza: sufuria, mkeka, blanketi. Wengine walibeba pia vitabu vya Kiswahili.

Kitabu kimoja cha namna hiyo kilifika katika nyumba moja ya Kazimia. Msichana wa nyumba hiyo alisoma sekondari kule Baraka. Alipokuja nyumbani wakati wa likizo, alikuwa na kitabu alichoazimwa na rafiki yake. Ganda lake lilikuwa limechakaa, na pembe za kurasa zimekunjika, kwa maana mikono mingi ilikuwa imekishika. Jina lake lilikuwa Rosa Mistika.

Mchana msichana alifanya kazi zake kama kawaida. Alichota maji, alitwanga sombe, alimsaidia mama yake kuanika ndagala. Usiku, wadogo zake walipolala, aliwasha taa ndogo akasoma. Kulipokaribia kucha alikificha kitabu chini ya mkeka.

Lakini mkeka hauwezi kuficha kitu siku nyingi. Siku moja baba yake alikiona. Alikifungua katikati, akasoma ukurasa mmoja, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe haya ndiyo masomo ninayolipia!" akasema kwa sauti kubwa. "Kila usiku ninalala ziwani kwa ajili ya kitabu cha mapenzi?"

Akaelekea jikoni ili akitupe motoni. Bibi alikuwa ameketi karibu na mafiga, akimenya mihogo. Akamwangalia mwanawe, akasema polepole:

"Mwanangu, mnapokaa lubungani kusikiliza shauri la watu wawili, je, mnasikiliza neno moja tu, kisha mnaondoka?"

"Hapana, mama. Tunasikiliza mpaka mwisho."

"Basi mbona kitabu hiki umesikiliza neno lake moja tu, na tayari umekata shauri?"

Baba akasimama pale pale, kitabu mkononi. Hakukitupa, wala hakukirudisha.

Je, ni nani aliyekuwa na haki? Ni baba, ambaye alitaka kumlinda mtoto wake? Ni bibi, ambaye alitaka shauri lisikilizwe lote? Au ni msichana, ambaye alitaka tu kusoma? Jambo hili lastahili kufikiriwa vema, kwa maana vitabu vya habari za mapenzi vinapita mikononi mwa vijana wengi, na wazazi wengi hawajui wafanye nini.

Kwanza yafaa kukijua kitabu chenyewe. Kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Ukerewe ni kisiwa kikubwa katika ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Watu wa Kazimia wangefika huko, wasingejiona wageni sana, kwa maana huko nako kuna mitumbwi, nyavu na mashamba ya mihogo. Kezilahabi alisoma kwanza seminarini, halafu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu, akafariki mwaka 2020. Rosa Mistika ndicho kitabu chake cha kwanza. Kilitoka mwaka 1971, naye alikuwa kijana bado.

Jina la kitabu ni la Kilatini. Katika litania, Wakatoliki humwita Bikira Maria kwa jina hilo, na maana yake ni Waridi lenye fumbo. Waridi ni ua zuri, lakini shina lake lina miiba. Msomaji anayelitazama ua tu, na asiiangalie miiba, atachomwa.

Habari yake ni hii. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Wadogo zake wanamfuata. Mama ni mwanamke mvumilivu sana, anayefanya kazi bila kupumzika. Baba ni mlevi. Fedha ya nyumba huishia katika pombe, na maneno yake ya usiku huwatetemesha mke na watoto. Lakini baba huyu huyu ni mkali mno juu ya mwenendo wa binti zake. Siku moja anagundua kwamba kijana mmoja, jina lake Charles, amemwandikia Rosa barua. Zakaria hamwulizi mtoto neno. Anampiga vibaya sana.

Baada ya siku ile Rosa anawaogopa wavulana kama mtu aogopavyo nyoka. Wazazi wengine wangesema: "Vizuri! Fimbo imefanya kazi." Lakini ngoja! Rosa anakwenda mbali kusoma, kwanza Mwanza, halafu Morogoro katika chuo cha ualimu. Huko baba hayupo, na fimbo yake haipo. Rosa hakufundishwa kuchagua. Alifundishwa kuogopa tu. Hofu ilipokwisha, hakubaki na kitu cha kumwongoza. Akafuata mkumbo. Watu wazima, wenye kazi na heshima, ambao walipaswa kumlinda, wakamtumia kama chombo, kisha wakamwacha. Mwishoni Charles yule wa barua anarudi na kutaka kumwoa. Anapojua maisha ambayo Rosa ameishi, anamkataa. Rosa anakata tamaa kabisa, na anajiua.

Huo ndio mwisho wenye huzuni. Tena mwandishi haishii hapo. Anawaonyesha Rosa na baba yake wakiwa wamekwisha kufa, wamesimama mbele ya Mungu na kulaumiana. Ni kama shauri limeletwa mbele ya watu wote: nyumba hii imebomoka, ni nani aliyeibomoa?

Sasa turudi kwa baba wa Kazimia. Hofu yake si ya bure. Katika kitabu hicho mna habari za ulevi, za uasherati na za kifo. Kilipotoka, wakuu wa elimu wa Tanzania nao waliogopa, kikakatazwa mashuleni kwa muda. Baba mvuvi anajua mambo mengine pia. Anajua wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba. Anajua wengine walioolewa wakiwa wadogo. Anapoona neno la mapenzi katika kitabu cha binti yake, mbele ya macho yake hakioni kitabu; anamwona binti yake akiacha shule. Mzazi asiyekuwa na hofu hiyo hampendi mtoto wake.

Tena ni kweli kwamba si kila kitabu kinamfaa kila mtu. Mtoto mchanga hapewi ugali na samaki mwenye miiba, hupewa maziwa. Rosa Mistika si kitabu cha watoto wadogo. Baadaye, kilipokubaliwa tena nchini Tanzania, kilisomwa na wanafunzi wa sekondari pamoja na waalimu wao. Hapo ndipo mahali pake.

Lakini hofu njema yaweza kufanya kazi mbaya. Tazama jambo hili. Zakaria aliona barua, hakuuliza, akapiga. Baba wa Kazimia aliona kitabu, hakuuliza, akakimbilia moto. Barua na kitabu ni vitu viwili, lakini kosa ni moja. Mtu akichoma kitabu, je, amechoma na maswali yaliyo moyoni mwa mtoto? Maswali hayaungui. Yatabaki, na mtoto atayapeleka kwingine: kwa rafiki asiyejua kuliko yeye, au kwa mtu mzima mwenye nia mbaya. Huyo ndiye atakayemjibu, kwa kuwa wenye kumpenda walikataa kumjibu.

Je, msichana naye hakuwa na kosa? Alikuwa nalo. Kosa lake halikuwa kusoma. Kosa lake lilikuwa kuficha. Mtu anayesoma gizani husoma haraka haraka, masikio yake yakisikiliza mlango. Hutafuta kurasa tamu na kuziruka kurasa chungu. Akifika mahali asipopaelewa, hana wa kumwuliza, kwa maana akiuliza, siri itatoka. Basi anachukua nusu ya habari, na nusu ya habari mara nyingi ni uongo. Aliyesoma tu mahali ambapo Rosa anavaa vizuri na kupendwa na wanaume, atasema kitabu kinasifu maisha hayo. Aliyesoma mpaka mwisho atajua kwamba kitabu kinayalilia.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika nyumba ya Zakaria kila mtu alificha maradhi yake. Mama alificha machozi. Baba alificha aibu yake ndani ya pombe. Rosa alificha barua, halafu akaficha maisha yake yote. Hapakuwa na hata jioni moja ambayo watu wa nyumba ile walikaa pamoja na kusema ukweli bila matusi wala fimbo. Ufa mdogo haukuzibwa, na ukuta ukaanguka juu ya wote.

Ndiyo sababu bibi wa Kazimia alikuwa na akili kuliko wote wawili. Yeye hakujua kusoma, lakini alijua desturi ya Wabembe. Lubunga ni mahali ambapo wanaume hukutana, hula pamoja, na husema mashauri ya ukoo. Shauri likiletwa hapo, halifichwi. Huyu anasema, na yule anajibu. Wazee wanasikiliza, kisha wanatafuta dawa. Hakuna anayesema: "Shauri hili ni la aibu, lichomwe." Kwa sababu ni la aibu, ndiyo maana limeletwa.

Kitabu kizuri cha habari za nyumba iliyobomoka kinafanya kazi kama hiyo. Kinalileta shauri la watu wengine katikati, ili watu wa nyumba walisikilize bila kuoneana haya. Baba hawezi kwa urahisi kumwambia binti yake: "Nakuogopea." Lakini aweza kusema: "Zakaria alikosa wapi?" Binti hawezi kwa urahisi kusema: "Baba, ninakuogopa." Lakini aweza kusema: "Rosa alimwogopa baba yake." Hivyo maneno mazito hupata njia ya kupita, kama mtumbwi unaopita kati ya mawe.

Basi vitabu vya namna hii visomwe jinsi gani? Mambo matatu yatosha.

La kwanza ni kungoja wakati wake. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana vitabu vyake, tena vizuri. Akikutana na kitabu cha wakubwa, haipotezi heshima yake akimwuliza mzazi au mwalimu: "Je, hiki kinanifaa sasa?" Jibu likiwa "bado", hilo si matusi. Embe bichi si baya, linangoja jua.

La pili ni kusoma mpaka mwisho. Viko vitabu vya mapenzi ambavyo ni sukari tupu. Mvulana ni mzuri, msichana ni mzuri, wanaonana, wanapendana, basi. Humo hamna mtu anayelipa karo, hamna mtoto anayeugua homa, hamna anayerudi nyumbani bila samaki hata mmoja. Msomaji akivizoea vitabu hivyo peke yake, atadhani ndoa ni sikukuu isiyokwisha. Kitabu cha Kezilahabi ni kichungu, lakini ni uchungu wa mwarobaini. Anayemeza nusu na kutema nusu hajanywa dawa.

La tatu ni kusoma mbele ya watu na kuuliza. Kama baba ni mgumu, yupo mama. Kama mama anaona haya, yupo shangazi, yupo bibi, yupo mwalimu mwenye kuaminika. Na jambo moja lisisahauliwe kamwe. Rosa alipokata tamaa, hakwenda kwa mtu yeyote kumwambia. Hapo ndipo angewekewa mkono begani. Mtoto au kijana ambaye moyo wake umekuwa mzito, hata akaona heri afe, asikae peke yake na mawazo hayo. Aamke, hata ikiwa usiku, aende kwa mtu mzima anayempenda, amwambie maneno yote. Hakuna kosa ambalo dawa yake ni kifo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Yawapasa kujua kwamba fimbo haina miguu ya kumfuata mtoto mpaka Baraka, wala Uvira, wala ng'ambo ya ziwa. Kinachomfuata mtoto kila mahali ni maneno aliyoambiwa kwa upendo, na mfano aliouona nyumbani. Zakaria alidai usafi kwa binti zake, lakini yeye mwenyewe alirudi amelewa. Mtoto ana masikio, lakini macho yake ni makali zaidi. Tena ulinzi usiwe wa wasichana peke yao. Mvulana naye afundishwe kwamba msichana ni mtu kama dada yake, si kitu cha kuchezea na kutupa. Katika habari ya Rosa wanaume waliomharibu ni wengi. Aliyelipa gharama yote ni yeye mmoja.

Na yule baba wa Kazimia, je, alifanya nini?

Alikiweka kitabu juu ya darini. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, na usiku wa mwezi mkubwa taa haziwavuti ndagala vizuri. Basi hakwenda ziwani. Alikishusha kitabu, akaketi karibu na taa, akaanza ukurasa wa kwanza. Kesho yake alisoma tena. Siku ya nne alikimaliza. Mke wake alimwona ameketi kimya kwa muda mrefu, mikono juu ya magoti.

Jioni alimwita binti yake. Wakaketi nje juu ya ule mkeka wenyewe, na bibi alikuwa karibu, akijifanya anasinzia.

"Mama," alisema baba, kwa maana ndivyo alivyozoea kumwita binti yake, "kwa nini ulikificha kitabu hiki?"

Msichana akatazama chini. Akajibu: "Niliogopa, baba."

Baba hakusema neno kwa kitambo. Neno lile lilimwingia kuliko ukurasa wowote. Alikuwa amesoma siku nne habari za nyumba ya Ukerewe ambamo watoto walimwogopa baba yao, akamhukumu Zakaria mara nyingi moyoni mwake. Kumbe hofu ile ilikuwa imepanga chumba katika nyumba yake pia, naye hakujua.

"Mimi sinywi kama yule," akasema mwishowe.

"Hapana, baba. Hunywi. Lakini unapaza sauti kama yule."

Bibi akakohoa. Baba akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa. Ndipo wakaanza kuzungumza. Hawakuzungumza sana, wala maneno hayakutoka kwa wepesi. Waliulizana kama Rosa angeweza kuokoka, na ni nani angemwokoa. Msichana alisema ni mama yake. Baba alisema ni Zakaria mwenyewe, kama angeuliza neno moja tu siku ile ya barua. Hawakupatana. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza, taa ya msichana haikufichwa.

Likizo ilipokwisha, kitabu kilirudi Baraka kwa mwenyewe. Kilikuwa kimezidi kuchakaa kidogo. Chini ya mkeka hapakubaki kitu.

MASWALI

1. Kwa nini msichana alikificha kitabu? Je, kosa lake lilikuwa kusoma au kuficha?
2. Zakaria alifanya nini alipogundua barua? Ingalifaa afanye nini?
3. Bibi alikifananisha kitabu na jambo gani? Eleza kwa maneno yako.
4. Baba alisema ni Zakaria ambaye angemwokoa Rosa, na msichana alisema ni mama. Wewe wasemaje? Toa sababu.
5. Taja mtu mzima mmoja ambaye waweza kumwuliza jambo gumu bila kuogopa.